Kesi ya Meno ya Chai

Nilikuwa nimeinama kwenye beseni, mikono imezama kwenye povu, nikisugua shati la kazi la mume wangu. Yeye hukata mawe machimboni, na vumbi lile huingia hadi ndani ya uzi. Mama Abdi alitokea langoni bila kupiga hodi. Ana duka la unga na nguo za watoto mkabala na ploti yetu hapa Kitengela, na si mtu wa kuliacha duka lake ovyo. Nilipomwona ameliacha, nilijua kuna jambo.

"Mama Wairimu, wacha hizo nguo," alisema. "Mtoto wako amesimamishwa kortini."

"Korti gani Jumamosi?"

"Pale uwanja wa shule. Kuna jaji, kuna polisi, kuna panya. Na amekutaja."

"Amenitaja aje?"

"Ati wewe ndio ulimwambia meno yake imekuwa hivyo juu ya uongo."

Sikuuliza zaidi. Nilifuta mikono kwenye leso, nikambeba Kamau, kitinda mimba wangu wa miaka miwili, aliyekuwa akichezea vibanio vya nguo, tukatoka. Nilikuwa na hasira na wale vijana wa chuo waliokuja na hema lao kuchezesha watoto sayansi. Nilikuwa na hasira na Wairimu, mtoto wa miaka minane, kwa kutoa mambo ya nyumbani mbele ya watu. Lakini chini ya hasira hizo mbili kulikuwa na ya tatu, na hiyo nimetembea nayo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Nilipokuwa na umri wa Wairimu, au chini kidogo, tuliishi nyuma ya Isinya, ukielekea upande wa Kajiado. Mama yangu alifanya kazi kwenye mashamba ya maua na kurudi siku moja kwa wiki, kwa hiyo mlezi wangu hasa alikuwa nyanya, mama yake mama. Tulimwita Shosho. Yeye na watu wake walikuwa wametoka Limuru wakiwa watu wazima, wakanunua shamba kame ambalo lilikuwa na kitu kimoja tu cha maana: lilikuwa karibu na kisima kirefu chenye kinu cha upepo. Maji yalikuwa meupe, baridi, na hayakukauka hata mwaka ambao ng'ombe wa majirani walikufa. Tuliyanywa, tukayapikia, tukajiona wenye bahati.

Kwetu mtoto aking'oka jino, hulitupa juu ya paa na kumwomba panya alichukue bovu na kumletea jipya. Karibu kila mtu nchi hii amefanya hivyo. Lakini Shosho alikuwa na nyongeza yake, na sijui aliitoa wapi. Alisema panya humletea mtoto jino linalofanana na mdomo aliomwomba nao. Ukiomba na mdomo safi, jino jeupe. Ukiomba na uongo mdomoni, jino litatoka na rangi ya chai, na hutaweza kulificha maisha yako yote.

Sasa fikiria mambo yalivyokuwa. Wazee wote waliotoka Limuru walikuwa na meno meupe. Watoto waliozaliwa pale, karibu wote, walikuwa na meno ya chai. Shule yetu, ukiipiga picha, ungeona safu za midomo iliyofungwa. Huyu ilisemwa aliiba kalamu, yule alimtukana mamake, mwingine alimsingizia mwalimu. Tulikuwa shule nzima ya wezi na waongo, na wazee walitikisa vichwa wakisema watoto wa siku hizi wameharibika. Nani angewabishia? Ushahidi ulikuwa kinywani mwetu.

Mtu mmoja tu aliwabishia. Alikuwa jirani yetu Mmaasai, mama mzee wa umri wa Shosho, ambaye sote tulimwita Yeyo, yaani mama. Meno yake pia yalikuwa ya chai, na hakuyaficha. Siku moja, akiwa amekuja kumletea Shosho maziwa, alisema tu kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Ni hii maji. Hata ng'ombe ikikunywa hapa miaka mingi, meno inaisha."

Shosho alichota maji kwa kikombe akamwonyesha. "Haya maji ni meupe, Yeyo. Kitu cheupe kitapaka rangi aje?"

Yeyo akacheka, akanywa maji yale yote, akaenda zake. Na sisi tuliokuwa pale, tuliokuwa na kila sababu ya kumwamini, tulimwamini Shosho. Hilo nalo linanikasirisha.

Mwaka ule binamu yangu Nyokabi aliletwa kutoka Limuru kuishi nasi. Alikuwa na miaka kumi, mrefu, na meno yake yote ya mbele yalikuwa yameshaota, meupe kama unga wa ngano. Shosho aliwaonyesha wageni meno ya Nyokabi kama mtu anayeonyesha cheti.

Shosho alikuwa na kifua kibaya. Yeyo alimpatia asali, chupa moja, na Shosho akaifungia kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda, dawa yake ya msimu wa baridi. Siku alipoitoa mara ya kwanza, alikuta imefika nusu. Kwenye shingo ya chupa kulikuwa na alama za vidole vidogo.

Alituita jikoni, mimi na Nyokabi. Hakuwa mtu wa kupiga kelele.

"Nani amekula dawa yangu?"

"Si mimi, Shosho," akasema Nyokabi.

"Si mimi, Shosho," nikasema.

Ilikuwa kweli. Sikuwa nimeigusa. Nataka niandike jambo hili wazi kwa sababu nimeishi miaka mingi bila kuliandika: sikuigusa ile asali.

Siku mbili baadaye jino langu la mbele, lililokuwa linacheza, lilitoka nikila hindi la kuchoma. Nilikimbia nje nilitupe. Shosho alinishika mkono kabla sijarusha.

"Ngoja kwanza," alisema. "Kama kuna kitu unataka kusema, sema kabla jino halijaenda. Likishaenda, mimi sitauliza tena. Nitangoja tu."

"Sina kitu, Shosho."

"Haya. Tupa."

Nikatupa. Nilisikia likigonga mabati, likabingirika kidogo, likanyamaza. Jua lilikuwa bado liko juu. Nyokabi alikuwa amesimama mlangoni akitafuna kitu, akitutazama.

Sijui kama mtu mzima anaweza kukumbuka urefu wa kungoja jino. Kila asubuhi nilipitisha ulimi kwenye ufizi. Kila Jumapili Shosho aliniketisha juani na kuniambia nifungue mdomo. Lilipochungulia, lilikuwa jeupe, jeupe kuliko la kawaida, jeupe la chaki, na nilifurahi nikazunguka nyumba mbio. Kisha, wiki baada ya wiki, mistari ikaanza kuingia rangi. Ilianza kama maji ya majani yaliyooshwa, ikaishia rangi ya chai ya rangi. La pili lilipotoka lilifuata njia hiyo hiyo.

Jumapili moja Shosho aliniinua kidevu, akatazama kwa muda, akakiachilia.

"Haya," alisema. Basi.

Afadhali angenichapa. Alianza kuvaa ufunguo wa sanduku shingoni. Kwenda dukani akatumwa Nyokabi. Kupeleka maziwa kwa mgonjwa, Nyokabi. Wageni wakija, Nyokabi ndiye aliyewapakulia, na mimi nikapewa kazi za nje, kuokota kuni na kuteka maji. Ndiyo, maji ya kile kinu. Nilibeba mgongoni kila siku kitu kilichonishtaki, na nilikinywa nilipochoka njiani.

Na mtoto ni kitu cha ajabu. Baada ya mwaka mmoja wa kuangaliwa kama mwizi, nilianza kuikumbuka ile asali. Niliikumbuka utamu wake, na jinsi ilivyonata kwenye vidole. Nilijiambia labda niliamka usiku nikiwa bado usingizini nikaifungua. Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa nimeshajihukumu.

Shosho alifariki nikiwa kidato cha pili. Wiki yake ya mwisho nilikuwa nyumbani kwa likizo, na siku moja nilimpelekea chai kitandani. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akaniangalia mdomoni, kisha akasema polepole, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza kama mvua imenyesha:

"Umeonja?"

Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia nikiwa peke yangu naye. Sijapata kumwambia mtu, hata mume wangu.

Nyokabi sasa ni mama wa watoto watatu na tunaonana kwenye harusi. Kwenye moja ya harusi hizo, tukikata kabeji za watu mia tatu, alinigonga kiwiko akicheka na meno yake yote.

"Unakumbuka ile asali ya Shosho? Wacha, ilikuwa tamu."

"Wewe ndio ulikula?"

"Si ulijua? Kila mtu alijua ni wewe, mimi ningesema nini?"

Niliendelea kukata kabeji. Kisu kilikuwa butu na nilishukuru kwa hilo.

Hayo ndiyo niliyokuwa nimeyabeba pamoja na Kamau nilipokuwa naelekea uwanjani. Na kulikuwa na jingine. Wiki tatu kabla, maziwa ya unga ya Kamau yalikuwa yamepungua mkebeni kuliko yalivyopaswa. Nilimuuliza Wairimu. Akasema si yeye. Nilikuwa nimesimama tangu saa kumi na moja asubuhi, miguu inaniuma, na nilimwangalia meno yake mawili mapya ya mbele, ya chai kama yangu, nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Usiniambie si wewe. Hayo meno yanasema."

Alifunga mdomo. Tangu siku hiyo akicheka huweka kiganja mbele. Niliona, na sikusema kitu.

Uwanja ulikuwa umejaa watoto, na akina mama wengi kuliko nilivyotarajia. Katikati palikuwa na ramani kubwa ya mtaa wetu iliyochorwa chini kwa chokaa: barabara ya Namanga, soko, makanisa mawili, msikiti, visima. Mbele ya hema walikuwa wamepanga korti. Jaji alikuwa Naisiae, msichana wa gredi ya sita ninayemjua, amevaa kofia ya katoni na kushika mwiko. Washtakiwa walikuwa wanne, vijana wa chuo, wamesimama nyuma ya kamba. Mmoja alikuwa Panya, ana mkia wa katani. Mmoja alikuwa Sukari, amevaa gunia. Msichana aliyejifunika shuka jeusi alikuwa Uongo. Wa mwisho alikuwa Maji, amekumbatia mtungi wa plastiki. Mbele ya kila mmoja palikuwa na beseni, na watoto walikuwa wameshapiga kura ya kwanza kwa vizibo vya soda: nani anaharibu meno ya watoto wa Kitengela? Beseni la Uongo na la Sukari yalikuwa yamejaa. La Maji lilikuwa na vizibo viwili.

Na kwenye kiti cha shahidi alikuwa Wairimu wangu, kiganja mdomoni.

Msichana wa chuo aliyeongoza mashtaka, ambaye watoto walimwita Ticha Mercy, alikuwa amechuchumaa mbele yake. "Kwa hivyo shahidi, wewe unasema ni Uongo. Ulidanganya nini?"

"Sikudanganya."

"Sasa mbona unamshtaki Uongo?"

"Niliambiwa hayo meno yanasema."

Watoto wakacheka. Akina mama watatu wakageuka kuniangalia. Nilipita katikati ya watoto, nikamshika Wairimu mkono.

"Twende nyumbani."

Naisiae aligonga meza na mwiko. "Mama, korti haijamaliza na shahidi."

"Naisiae, nitamwambia mamako."

"Hapa mimi ni jaji," akasema, na uwanja mzima ukacheka.

Ticha Mercy aliinuka. Alikuwa mdogo, pengine miaka ishirini na miwili, na alikuwa na tabasamu la kutuliza watu. "Pole, mama. Ni mchezo tu."

"Mchezo wa nani?" nikamuuliza. "Hayo meno unayochezea ni ya mtoto wangu. Wewe jioni unaenda kwenu. Yeye anabaki hapa nayo."

Tabasamu likaondoka. Lakini alijibu, na kwa hilo nilimheshimu. "Ni kweli. Ndiyo maana nataka amalize, asiende na hiyo nusu ya kesi. Mpe dakika tano."

Nilibaki nimesimama, mkono wa mtoto mkononi mwangu, na Naisiae akaona nafasi yake.

"Basi na wewe pia ni shahidi," alisema. "Ukiwa mdogo ulikunywa maji ya wapi?"

Ningeweza kuondoka. Kamau alikuwa mzito, nguo zilikuwa zinaloa bure, na jaji alikuwa mtoto mwenye katoni kichwani. Nikajibu.

"Kisima cha kinu cha upepo. Nyuma ya Isinya."

"Meno yako iko aje?"

Nilimwangalia Wairimu. Alikuwa ananiangalia mimi kutoka chini, kiganja bado kimefunika mdomo. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiongea na watu nikiwa nimeinamisha kichwa kidogo, midomo haifunguki sana, hadi watu husema nina maringo. Nikafungua mdomo pale, mbele ya mtaa wote.

"Kama ya huyu," nikasema.

"Na ulidanganya?"

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Hapana. Sikudanganya."

Hakuna aliyecheka. Naisiae aliandika kitu kwenye daftari lake kwa uzito wote wa kazi yake, akasema, "Shukrani, shahidi. Keti." Nimengoja kuulizwa swali hilo na kuaminiwa tangu nikiwa na miaka saba, na aliyeniamini alikuwa mtoto wa gredi ya sita, huku aliyepaswa kuniamini amelala kaburini nyuma ya Isinya.

Baada ya hapo mambo yalienda haraka. Watoto walikuwa wameambiwa waje na maji wanayokunywa nyumbani kwenye chupa ya soda. Ndiyo maana Wairimu aliniomba chupa asubuhi na sikuuliza ya nini. Kila mmoja alimimina maji yake kwenye kikombe kidogo, Ticha Mercy akamwachia adondoshe mwenyewe dawa ya kupimia, yenye rangi ya waridi. Maji ya tangi la mvua la shule yalibaki ya waridi. Ya Wairimu yakageuka manjano mbele ya macho yangu. Kila mtoto alichukua kizibo cha rangi aliyopata akakiweka kwenye ramani pale nyumba yao ilipo. Hakuna aliyewaeleza chochote. Walijionea wenyewe manjano yakikusanyika kuzunguka kisima chetu, na waridi pale palipokuwa na matangi ya mvua. Kisha wakasimama kila mtu juu ya kizibo chake na kuonyesha meno. Manjano, meno ya chai. Waridi, meno meupe.

Abdi, mtoto wa Mama Abdi, alisimama kwenye waridi. Paa la duka lao ni kubwa na wana tangi.

"Angalia huyu," Mama Abdi akaniambia, na hakujali nani anasikia. "Huyu wangu anadanganya kutoka asubuhi mpaka anaombea chakula. Wallahi kama ni uongo inaharibu meno, huyu angekuwa anakula uji tu."

"Mama," Abdi akalalamika.

"Funga mdomo, jaji anaona."

Kijana aliyekuwa Maji aliweka mtungi chini, akaacha kuigiza, akaeleza kwa maneno machache. Maji ya visima virefu vya huku hupita kwenye mawe yenye madini yanayoitwa floraidi. Kidogo si kitu, lakini kikizidi kinaharibu jino likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi, mtoto akiwa mdogo, miaka mingi kabla halijatoka. Limeshatiwa alama kabla la utotoni halijang'oka. Panya hana kosa, alisema, na yule mwenye mkia akainama kwa adabu.

Nikauliza, "Nikichemsha?"

"Haisaidii, mama. Maji inapungua, ile kitu inabaki. Inazidi kidogo, hata."

Nimechemsha maji ya watoto wangu kila siku tangu Wairimu azaliwe. Nimechoma mkaa kwa ajili hiyo. Yanaua vijidudu, alisema kijana yule haraka, nisiache kuchemsha ya kisima kama sina mengine. Lakini nilikuwa nimeshasikia.

Kisha Naisiae, ambaye alikuwa ameshaupenda ujaji, akataka magadi yapimwe. Mama mmoja alikuwa nayo kwenye mfuko, ametoka nayo sokoni. Walikoroga chembe chache kwenye maji ya mvua na kudondosha. Manjano papo hapo, kali kuliko ya kisima chochote. Akina mama wote waliokuwa na githeri, mahindi na maharagwe, motoni nyumbani walisogea karibu na kikombe. Hakuna mpishi wa huku asiyetia magadi ili maharagwe yaive haraka.

"Haya mambo mmeyajua lini?" nilimuuliza Ticha Mercy.

Alisita. "Sisi tulifunzwa mwaka wa kwanza."

"Sikuulizi nyinyi. Yamejulikana lini?"

"Zamani, mama. Kabla nizaliwe."

"Kabla nizaliwe mimi?"

Aliangalia chini. "Nafikiri hata hapo kabla."

Sina hasira na msichana yule. Nina hasira na miaka yote ambayo kitu hiki kilikuwa kimeandikwa mahali fulani, kwenye kitabu fulani, kwenye kabati fulani, wakati mimi naketishwa juani nifungue mdomo. Mtu alipima maji ya kisima kile kabla ya kusimamisha kinu. Lazima alipima. Aliandika namba, akafunga faili, akapanda gari. Hakuona haja ya kumwambia mwanamke mwenye kifua kibaya kwamba mjukuu wake si mwizi, kwa sababu hakujua kama watu huchanganya mambo hayo. Angeketi nasi nusu saa acheze na watoto, angejua. Kumbe ilihitaji mkia wa katani na vizibo vya soda, na kofia ya katoni.

Kura ya pili ilipopigwa, beseni la Maji lilifurika. Watoto walibishana kama maji yanaweza kufungwa jela. Naisiae akahukumu kwamba Maji ya Kisima yaruhusiwe kufua, kuosha na kunywesha mimea, lakini yasipewe watoto wadogo kama kuna ya mvua. Kisha akageukia lile shuka jeusi.

"Uongo, kwa hii kesi, uko huru. Kwa zingine tutaona."

Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Saa kumi vijana walikunja hema. Nilimuuliza Ticha Mercy kama watarudi, akasema wakipata gari. Kichupa cha dawa kilikuwa na ukubwa wa kidole gumba, akakitia mfukoni.

Njiani Mama Abdi aliniambia nitume mitungi miwili. "Ya tangi. Ya kunywa tu, sio ya kufua mashati ya mawe."

Nguo nilizikuta zimeloa hadi maji yamekuwa kijivu. Nilizimaliza kwa maji yale yale ya kisima, kwa sababu jaji aliruhusu. Wairimu alikuwa ameketi kwenye ngazi akimenya viazi.

"Yale maziwa ya Kamau," nikaanza.

"Sikukunywa, mami."

"Sijakuuliza. Nasema nilikosea. Meno hayasemi kitu. Sitakuuliza tena kwa kuangalia meno."

Alimenya kiazi kizima. Nilianika shati.

"Nililamba kijiko," akasema. "Mara mbili."

"Vijiko viwili havimalizi mkebe."

"Mara nne."

Hakuwa ameweka kiganja mbele ya mdomo. Nilianika soksi. Nilifikiria ni vitu vingapi ambavyo Shosho hakuvisikia kamwe, kwa sababu aliamua kusikiliza meno badala ya watu. Kwangu hakungekuwa na la kusikia, lakini kwa Nyokabi kulikuwa na asali nusu chupa, na hakuna aliyemuuliza mara ya pili. Sijamsamehe Shosho. Nadhani nitamsamehe, siku moja nikiwa sina nguo za kufua. Aliamini kikombe cha maji meupe kwa sababu kila kitu alichokijua kilimwambia kwamba kilicho cheupe hakina hatia, na hakuna aliyekuja kumwambia vingine kwa lugha anayoielewa.

Mume wangu alirudi saa moja, nikampakulia. Githeri ilikuwa haina magadi, na maharagwe yalikuwa magumu. Alitafuna, akaniangalia, akatafuna tena. Kamau alipewa maji ya mvua kwenye kikombe chake na kuyamwaga nusu. Wairimu alikuwa anamwelezea babake jinsi panya alivyoinama, anacheka mdomo wazi na maharagwe ndani yake, na sikumwambia afunge. Nilihesabu sahani nne, watu wanne, nikaketi kula.